Likizo ya Kampala

Mwezi mzima wa likizo Kampala, watoto watatu wakitapika kwenye lori kwenda na kurudi, na sasa Kadidja alisimama mlangoni pa nyumba yake mwenyewe, akimtazama jirani aliyevaa kitenge chake yeye Kadidja.

“Watu walisema mulikimbia waasi,” jirani alisema. “Donc, basi, nyumba ilibakia bure.”

“Nilipeleka watoto vakanse.”

Jirani hakusogea. Nyuma yake, katika sufuria ya Kadidja, ile yenye kiraka cha bati ubavuni, pondu, mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa inatokota.

Kadidja alimpita, akawaketisha watoto mkekani. Akapakua sahani tatu, mpaka mwiko ukakwaruza chini.

“Wewe iko mugeni wangu,” alimwambia jirani bila kugeuka. “Ngoja wenye nyumba washibe kwanza.”