Mikwaruzo Upande wa Ndani

Mwanamke fundi rangi alikuwa akikwangua mlango wa chumba cha marehemu mke wa mwenye nyumba alipokuta, upande wa ndani, mikwaruzo mirefu ya kucha.

"Nilikukataza chumba hiki," mwenye nyumba alisema nyuma yake.

Tangu aanze kazi hawakuwahi kuiva chungu kimoja, ingawa siku hizi fundi alizitambua hatua za mwenye nyumba ngazini na kuacha kukwangua ili azisikilize.

Akageuka na kisu chake cha kukwangulia. "Ulimfungia mkeo humu?"

Mwenye nyumba aliweka vidole vyake juu ya mikwaruzo, kimoja kimoja. Vikaenea sawasawa.

"Ufunguo alikaa nao mke wangu, nje," alisema. "Sasa toka nyumbani kwangu."

Fundi hakutoka; aliweka kisu chini.

"Lete mkono," alisema kwa ukali. "Nizione hizo kucha."