Mji wa Nkirote

Mjukuu wangu Nkirote alirudi Kibirichia kutoka chuoni na godoro lake, lina alama ya kiatu katikati. Siku ya nne, tukichagua viazi vya mbegu, akasema bila kuniangalia, "Shosho, kitendawili."

"Tega."

"Msichana ametupiwa godoro nje ya hosteli kwa sababu anampenda msichana mwenzake. Ni nani?"

Kiazi kilibaki mkononi mwangu. Kilikuwa kimeanza kuchipuka, vichipukizi vitatu laini kama vidole vya mtoto mchanga.

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Lakini anayejibu hatoi mji. Mji hutolewa na aliyeshindwa.

"Nimeshindwa," nikasema.

"Basi nipe mji." Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nakupa hicho chuo chako."

"Shosho, huko hawanitaki."

"Mji nimeshautoa, mama. Ni wako."

Nikachukua sabuni na brashi, nikaanza kusugua ile alama. "Godoro likikauka tunalirudisha sisi wawili. Nataka kuongea na msimamizi wa hosteli yako."

"Utamwambia nini?"

"Nitamtegea hicho kitendawili chako."

Nkirote alicheka kidogo, akapangusa macho, akashika godoro upande wa pili.