Siku Mbio Zilipopita Isansa

Mwanaume mzima, jaketi la ngozi limefungwa hadi shingoni, alikuwa amepiga magoti uani kwa Tulinagwe akisaga mahindi juu ya jiwe. Mwenzake alimpiga picha kwa simu. Wakacheka, wakashukuru, wakarukia pikipiki zao na kutokomea kwenye vumbi.

"Huyo hata hajui ugali unatoka wapi," alisema Tabita, jirani. Alikuja kusaidia kuchambua maharage, lakini ungo wake ulikuwa haujapungua. "Hivi wanatafuta nini hasa?"

"Vitu," alijibu Tulinagwe. "Wametoka Tunduma, wanamalizia Mbeya. Njiani wamepewa vya kusaka. Jani la kahawa la Ihanda. Picha na kimondo kule Ndolezi. Hapa Isansa, kusaga kwa jiwe. Anayevipata vyote na kuwahi ndiye mshindi."

"Watu wazima na akili zao!"

Jiwe la kusagia lilikuwa limebaki kwake tu. Wengine walishahamia mashineni. Ndiyo maana wapandaji waliingia kwake. Wanaume wa kijiji walikuwa wameshuka njia panda kutazama pikipiki, mwanawe Asajile akiwa wa kwanza.

Tulinagwe alimwita mjukuu wake, Ruti, akamvalisha sweta.

"Bibi, jua lote hili?"

"Vaa. Vumbi halifai kifuani."

Ruti alikuwa na miaka tisa. Baba yake, Raphaeli, alizikwa nyuma ya nyumba hiyo hiyo. Kabla ya arobaini ukoo ulikaa kikao: ng'ombe wa mahari walitoka, kwa hiyo mtoto ni wa ukoo, na mama yake, Fides, arudi kwao Tunduma. Asajile, kaka mkubwa wa marehemu, aliapa kwamba akimwona mwanamke huyo Isansa atamvunja miguu. Fides alikuja mara mbili kumwona mwanawe. Mara ya pili aliondoka akichechemea.

Sasa Asajile alikuwa amepata tajiri wa kahawa, mtu wa Dar es Salaam, anayetaka msichana wa kumlelea mtoto. Shule ikifungwa, Ruti angekwenda. "Huko atakula vizuri," alisema kikaoni. Tulinagwe alikuwepo, mkekani, na wanawake wengine. Hakuna aliyemuuliza.

Pikipiki nyingine iliingia uani polepole. Mpandaji alikuwa mwembamba, helmeti imefunika uso wote, namba imebandikwa kifuani. Alishuka. Jiwe hakuliangalia.

"Shikamoo, mama." Sauti ilitoka ndani ya helmeti, imekwaruzwa na vumbi.

"Marahaba."

"Nimeambiwa nimpakie mtoto wa kijiji hiki, nipige naye picha mbele ya kanisa. Nitamrudisha."

"He! Kumbe mwanamke!" Tabita alipiga makofi. "Na nyie mmo? Mumeo kakuruhusu?"

Mpandaji alifungua helmeti ndogo iliyofungwa nyuma ya kiti.

"Bibi, mimi! Nipande mimi!" Ruti alikuwa anarukaruka.

Tulinagwe alimfuta uso kwa ncha ya khanga, taratibu, kama anayemwandaa kwenda kubatizwa. Aliingia jikoni, akatoka na mahindi ya kuchemsha kwenye mfuko.

"Ya nini, kanisani hapo tu?" Tabita alicheka. "Mtoto kala sasa hivi!"

"Huyu hashibi."

Mpandaji alimvisha Ruti helmeti ndogo. Alijaribu kufunga mkanda, akashindwa. Tulinagwe akaufunga yeye.

"Mshike kiunoni," alimwambia mjukuu wake. "Kwa nguvu. Usimwachie."

Pikipiki iliondoka. Ruti aligeuka kupunga mkono, akakumbuka, akashika tena kiuno kwa mikono miwili. Tulinagwe alibaki amesimama, akiusikiliza mlio hadi ukaisha. Tabita alikuwa bado anaongea.

Baadaye kijana mwingine aliingia, akapiga magoti mbele ya jiwe.

"Na wewe mtoto wa picha utampata wapi?" Tabita alimtania. "Wa kwetu kashachukuliwa."

"Mtoto gani, mama?"

"Wa kupiga naye picha kanisani."

Kijana alitikisa kichwa. "Sisi hatujaambiwa mtoto."

Ungo ulimtoka Tabita, maharage yakamwagika uani. Alipiga yowe lililofika njia panda.

Wanaume walikuja mbio. Wengine walikimbilia barabara ya Itaka, wakarudi mikono mitupu. Pikipiki zilikuwa kila mahali na wapandaji wote walikuwa wamefunika nyuso, wangemsimamisha yupi?

"Ni Fides!" Asajile alifoka. "Mama, umekaa na mkwe wako nyumba moja, hata sauti hukuitambua?"

Tulinagwe alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, kama wanavyokaa wafiwa. Machozi yalikuwa ya kweli.

"Amefunika uso, mwanangu. Ningemjuaje?"

"Uzee gani huu! Mtu anaibiwa mtoto mchana, anaangalia!"

"Mwache mama wa watu," Tabita alimkemea. "Kashadanganywa, unataka na kumpiga?"

Wanawake walimfunika khanga mabegani. Walimwambia si kosa lake, walimwengu wamekuwa wajanja, mjukuu ataonekana. Tulinagwe alitikisa kichwa. Alijua hatamwona tena Ruti, wala Fides hatakanyaga tena Isansa, na alilia hadi sauti ikakauka.

Jumapili iliyotangulia, tangazo la mbio liliposomwa kanisani, alikuwa ametoka nje kabla ya sala ya mwisho, akaazima simu ya mzee wa kanisa, akampigia Fides kumwambia ni siku gani wanaume wote wa Isansa watakuwa njia panda.