Kabati Linavuja

Ute ulining'inia kwenye kijiti, haukatiki. Bwanausi aligeuza uso kwa kinyaa. Mikono yake ilikuwa imepenya katika matundu mawili ya kabati la kioo, na juu yake feni ilivuta hewa kuitoa nje.

"Koroga, Bwanausi," daktari alisema. "Koroga sana, kama siku zote."

Akakoroga kilichokuwamo koponi. Kazi yake katika hospitali ile ya Bagamoyo ilikuwa kupima makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu, na kabati liliundwa ili vijidudu visimfikie. Lakini kila lilipojaribiwa, vipande vya kioo vilivyowekwa nje, mbele ya uso wake, vilinasa vijidudu. Fundi aliziba nyufa kwa lami, akabadili na feni. Vikanasa vilevile.

"Linavuja hili," Bwanausi alisema, akikohoa kidogo. Dawa ya sakafu ilikuwa ikimkereketa tangu kiangazi. "Uchafu wa watu hawa nauona mpaka kwenye sahani yangu ya wali."

Na nyumbani hakukuwa na nafuu. Mdogo wake, Mwaija, alikuja kutoka Fukayosi buheri wa afya, akakaa naye miezi michache, kisha akaanza kutema damu. Bwanausi alimhamishia kwenye banda la uani, akamtengea bakuli na kikombe.

Asubuhi ile, kabla ya kazi, Mwaija alikuwa ameketi kizingitini mwa banda. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba," alijibu kwa mbali, amejiziba pua kwa upindo wa kanzu. "Ukitema, fukia. Nitakula vipi mimi nikiyaona hayo?"

Mwaija aliinama, akafukia kwa kidole cha mguu.

Sasa daktari alivichukua vipande vya kioo vya nje, vipya vya siku ile, akavitia rangi, akaviinamia kwenye hadubini.

"Vimo?" Bwanausi akauliza.

"Vimo. Tele."

"Si nilikwambia, Bwana Daktari? Lichomwe moto kabati hili."

Daktari alinawa mikono. Aliporudi alikivuta kiti chake mpaka dirishani, ndipo akaketi.

"Kopo la leo nilikuandalia mwenyewe, Bwanausi," alisema. "Hamkuwa na kohozi ndani yake. Ulikuwa ukikoroga ute wa yai."