Sauti ya Subilaga

Siku hizi Kichina kinafundishwa kwa sauti unayoipenda kuliko zote. Mashine inaichukua yenyewe kwenye video za simu yako, kwa sababu somo lazima lifurahishe. Ikiona chozi chumbani, la mtu yeyote, inambadilisha mwalimu, na wa kwanza harudi tena.

Mimi nilipewa sauti ya Subilaga, binti yangu, tuliyemzika masika yaliyopita. Kila jioni nilikaa jikoni, nikauma shavu kwa ndani, nikatabasamu. Kiwandani kwetu, wakati wa chai, wenzangu wakasema Tukuyu nzima hakuna anayejifunza kwa furaha kama mimi.

Jana mume wangu, Ambakisye, alirudi kutoka machimboni Chunya. Sikuwa nimemwambia. Alisimama mlangoni na begi begani, akaisikia sauti.

"Mama Subi, huyo si mtoto?"

"Ndiye. Ingia, Baba Subi, lakini usilie. Nakuomba sana, usilie."

"Anasema nini?"

"Anauliza kama umekula. Wachina wanasalimiana hivyo."

Alikaa, akavua kofia.

"Bado, mwanangu," akajibu, taratibu, kama zamani. "Nilikuwa nakusubiri tule wote."

Kisha machozi yakamtoka.

Niliifunika mashine kwa kanga, nikacheka kwa nguvu, nikamwambia na yeye acheke. Tukacheka wote wawili kama wendawazimu.

Mwalimu mpya ni kijana, mchangamfu kweli. Alitukuta bado tunacheka, akatuuliza kama tumekula.