Dawa ya Nzilani

Nzilani alikuwa akifunga mizizi ya kutibu ugonjwa wa sukari kibandani kwake, sokoni Kasikeu, mama mmoja, mteja wake wa miezi mitatu, alipoingia na kuku mkononi.

"Huyu ni wako, mama. Dawa yako imeniponya. Zile sindano za hospitali nimezitupa."

"Nani alikwambia utupe? Si nilisema utumie zote mbili, na daktari ajue?"

"Hukusema."

Nzilani alijaribu kukumbuka. Hakukumbuka kusema.

Ndipo aliponusa harufu ya kidonda. Akamketisha yule mama, akamvua kiatu. Mwiba ulikuwa umezama unyayoni, na nyama kando yake imekuwa nyeusi. Akaubonyeza kwa kidole.

"Unauma?"

"Nini?" aliuliza yule mama, akitabasamu.

Nzilani alikimbia barabarani kuita bodaboda.