Mbao ya Breki

Kabla kamati ya ununuzi haijafika kambini, sajini aliamuru magari ya deraya yaoshwe, na kila kitu kilichoongezwa na madereva king'olewe. "Sitaki wageni waone viraka," alisema. Koplo Mwanahija akakata kamba, akatoa kipande cha mbao alichokuwa amekifunga juu ya breki, akakitia mfukoni.

Wajumbe walikaa mezani chini ya turubai. Walikuja kuamua kama waagize magari mengine arobaini ya aina ile ile. Mwanahija akaambiwa apande ajaribu.

Alinyoosha mguu mpaka kiuno kikamuuma. Ncha ya buti ikapapasa hewa.

"Vipi, koplo?" aliuliza mwenyekiti, kanali mwenye miwani.

"Mguu haufiki kwenye breki, afande."

Kanali akawageukia madereva wengine sita waliojipanga juani. "Na nyie?"

Wanne kati yao walikuwa na mbao zao mifukoni. "Hakuna tatizo, afande!" walijibu wote kwa pamoja, macho yao yakiwa mbele.

Mwanahija alishuka, akatembea peke yake hadi mezani, akakiweka kile kipande mbele ya kanali. Katikati kilikuwa kimelika kwa kukanyagwa.

"Mimi naendesha kwa hiki, afande."

Kanali alikigeuzageuza. Upepo ukavuma, karatasi za mkataba zikaanza kupeperuka. Akazikusanya, akakilaza kile kipande juu yake zisiruke, kisha akaomba kalamu ya kutia sahihi.